Spora Chini ya Majaruba

Miaka mingi nimesoma slaidi za damu hapa Ifakara, kwa hiyo rula yangu ni seli nyekundu: mikroni 7 hivi. Spora ya Riccia mara nyingi hupita mikroni 60. Unaiona kabla hujaitafuta.

Mmea wenyewe utaukuta majarubani mpunga ukishavunwa na maji kupungua: viduara vya kijani vilivyojibandika kwenye udongo mtupu, visivyo na ua wala mzizi wa kweli. Ndugu yake wa mbali, Anthoceros, husimamisha vijipembe vyembamba na hupenda udongo wenye unyevu. Mimea hii huoza upesi, ila ukuta wa spora hauozi kirahisi. Maabara hulichemsha tope lenye spora kwa magadi makali, huyeyusha mchanga kwa asidi inayokula hata kioo, na spora hubaki.

Kuitambua ndiyo kazi. Spora huzaliwa nne nne zikiwa zimekumbatiana, na pale zilipogusana hubaki alama ya mistari mitatu. Iangalie hiyo, kisha ugeuze upande wa pili. Riccia ina kuta zilizosukwa kama wavu wa kuvulia perege. Anthoceros ina miiba. Usishangilie miiba mapema, kwani spora za Selaginella, mmea wa misitu ya Udzungwa, zinayo pia, na alama ya mistari mitatu zinayo. Rangi nayo isikudanganye: joto la ardhini huzitia weusi zote.

Spora za namna hii ni za kale mno. Mwaka 2003 Charles Wellman na wenzake walieleza vipande vya mimea kutoka kisima kilichochimbwa Oman, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 440, spora zikiwa bado zimeshikana. Tabaka za kuta zake zilifanana na za jamaa za Riccia.

Ulaya, spora za Anthoceros kwenye tope la kale huchukuliwa kuwa dalili ya mashamba yaliyolimwa. Huku kwetu siikubali dalili hiyo kirahisi. Mto Kilombero hufurika na kuacha udongo wazi bila jembe la mtu, na viboko hukanyaga watakavyo.

Ndiyo maana tunahitaji slaidi za kulinganishia za mimea ya bonde hili hili, si picha za vitabu vya mbali. Walimu wa baiolojia wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba, mavuno yakiisha watoeni wanafunzi wakachume Riccia yenye vifuko vyeusi vya spora. Waikaushe kwenye bahasha za karatasi, waandike mahali na tarehe. Mfuko wa plastiki huiozesha.