Mwana anapoomba kujiunga na klabu ya baiskeli

Baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja alitufikia sisi wa kamati ya msikiti akiwa na jambo lililomnyima usingizi. Kijana wake wa miaka 15, ambaye kila asubuhi hupeleka mikate madukani kwa baiskeli, alialikwa na klabu ya mtaani kufanya mazoezi ya barabarani na hatimaye kushindana. Mama alikuwa akihofia malori. Nasi, kwa kusema kweli, tulikaribia kumjibu kwa neno moja: amkataze. Tukamwomba atupe wiki moja, tukaitumia kusoma na kuwauliza wanaoujua mchezo huo.

Mfano ulio karibu nasi tuliupata Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, mwendesha baiskeli wa Kenya, David Kinjah, aliifanya nyumba yake ya mabati kuwa makao ya vijana wenye kuupenda mchezo huu, nalo kundi lake likajulikana kwa jina la Safari Simbaz. Huko ndiko mama mmoja wa Nairobi alikompeleka mwanawe, Chris Froome, aliyezaliwa jijini humo mwaka 1985. Kijana yule alijifunza kuziba pancha na kutengeneza baiskeli, akashiriki maisha ya wenzake, akapanda vilima nyuma ya wakubwa waliokuwa na nguvu kumshinda.

Alipofika miaka 14 alikwenda kusoma Afrika Kusini, akaendelea na mashindano. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka 2007 akaanza kulipwa kwa kazi hiyo. Baadaye, akishindana kwa bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Msomaji atasema kwamba huyo alijaliwa kipaji. Ni kweli, na wengi wa wanetu hawatafika huko. Lakini yale aliyoanza nayo ndiyo anayoanza nayo kila mgeni wa klabu. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli barabarani ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake, tairi karibu na tairi, huokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kwa hiyo msafara hupokezana: wa mbele huukata upepo kwa muda, kisha hupisha na kurudi nyuma apumzike. Asiyetaka zamu yake hujulikana upesi. Wa mbele pia huwa macho ya wote, huonyesha kwa mkono kila shimo na kila kokoto. Mwenye mbio asiyejua kuonyesha shimo huwaangusha kumi walio nyuma yake.

Hata ushindi wa mtu mmoja husimama juu ya wenziwe. Katika Tour ya 2013, Froome aliishiwa nguvu kwenye mlima wa Alpe d'Huez. Mwenzake Richie Porte wa Australia alimletea chakula mahali ambapo kanuni haziruhusu, wakaadhibiwa sekunde 20 kila mmoja. Porte alikuwa ameacha mbio zake mwenyewe ili mwenzake afike.

Hofu ya mama, hata hivyo, si ya bure. Mwezi Juni 2019, Froome huyo huyo aligonga ukuta akifanya mazoezi nchini Ufaransa, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Ikiwa hayo yalimfika bingwa, mwanafunzi aogope zaidi.

Kwa hiyo hatukumwambia mama akubali wala akatae. Tulimwambia aende mwenyewe akaione klabu, na aulize manne. Nani mtu mzima anayeongoza msafara? Je, kila mmoja huvaa kofia ya kinga, na breki hukaguliwa kabla ya kutoka? Huondoka baada ya swala ya Alfajiri, kukiwa kumepambazuka, na kwa barabara zipi? La nne, ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote: anayeshindwa njiani huachwa, au hungojewa?

Mama alikwenda, akauliza, akaruhusu. Jumamosi ya kwanza wote walirudi saa tatu asubuhi isipokuwa mwanawe. Alisimama mlangoni nusu saa nzima, asijue aketi au atoke. Kisha akawaona wawili wakija polepole: kijana wake, tairi likiwa na kiraka kipya, na mzee mmoja wa klabu aliyebaki naye njiani kumfundisha kukibandika.

Mama hakumuuliza mwanawe alikuwa wa ngapi. Aliingia ndani kuwatengea wote wawili chai.