Faharasa Nzito Kuliko Jedwali

Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Garissa ilikuwa na watu 841,353. Tuseme ofisi moja iliyoko wadi ya Waberi imepewa kazi ya kuwaweka wote kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na mhasibu anauliza diski inunuliwe ya ukubwa gani. Wengi hujumlisha herufi, wakazidisha kwa idadi ya watu, basi. Diski ikijaa wanashangaa.

Tuanze na rekodi ya mtu mmoja. Namba ya usajili inakula baiti 8, msimbo wa wadi 4, tarehe ya kuzaliwa 4. Simu ya tarakimu 12, inayoanza na 254, inakula 13, kwa sababu kila andishi fupi huongezewa baiti moja ya kutaja urefu wake. Majina huku ni matatu: lako, la baba na la babu. Abdullahi, Mohamed na Hussein yakifuatana na nafasi zake ni herufi 25, kwa hiyo baiti 26. Jumla 55, ambayo PostgreSQL huipandisha hadi 56 ili igawanyike kwa 8. Hapo bado kuna baiti 24 za kichwa cha rekodi na 4 za kuonyesha ilipo ndani ya ukurasa. Tumefika 84.

Rekodi hizo hupangwa kwenye kurasa za baiti 8,192, na kila ukurasa unabeba 97. Watu wote ni kurasa 8,674: megabaiti 71 hivi. Si kitu.

Mzigo uko kwenye faharasa. Ya namba ya usajili inafika megabaiti 19, ya simu 26, na ya majina 42, maana jina zima linanakiliwa upya humo, na kurasa zake hujazwa asilimia 90 tu ili majina mapya yapate pa kuingia. Jumla ni 87. Jedwali limeshapitwa.

Kuna atakayetaka faharasa ya wadi pia, apate watu wa Waberi upesi. Garissa ina wadi 30. Watu wakiwa wamesajiliwa bila mpangilio, ukurasa wa rekodi 97 utakuwa na watu watatu hivi wa kila wadi. Kumpata kila mkazi wa Waberi ni kufungua karibu kurasa zote, faharasa iwepo isiwepo. Mimi nisingeiweka.

Ongeza nafasi ya marekebisho. Mtu akibadilisha simu, PostgreSQL huandika rekodi mpya, na ya zamani hubaki palepale hadi usafi upite. Mimi huzidisha jumla mara mbili, nikaacha ubishi.

Na mkubwa akidai kila mtu awe na picha ya kilobaiti 50, hizo ni gigabaiti 42. Picha ziwekeni kwenye faili za kawaida. Jedwali litunze njia ya kuzifikia tu.