Kivinjari Hakikula Sifuri Zako

Swali ni lile lile: mbona nimepakua orodha ya wateja kwenye mfumo, nimeifungua kwa Excel, na namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo? Kabla sijajibu, muulizaji keshampata mkosaji: kivinjari, au kijana aliyeunda kitufe cha kupakulia.

Fungua faili hiyo hiyo kwa Notepad. Sifuri zote zipo. Faili hiyo ni CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Haina mahali pa kueleza kwamba kolamu hii ni simu na ile ni bei. Ukiibofya mara mbili, Excel inakisia yenyewe, na kwake 0712 ni 712 tu.

Halafu kuna ile dawa ya kila ofisi: chagua kolamu, igeuze kuwa Text. Haiponyi chochote. Unavisha nguo mpya mabaki. Kilichotupwa wakati faili inafunguka hakirudi. Wengine wanabandika sifuri kwa fomula, na kwa simu wanaponea chupuchupu kwa kuwa namba zetu sote tunajua zinavyoanza. Wajaribu basi kwa namba ya kitambulisho cha NIDA iliyoandikwa bila vistari. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Kwanza unaona 1.99E+19. Unabadili muundo wa seli, tarakimu 20 zinajitokeza, unashusha pumzi. Kumbe tano za mwisho ni sifuri tupu! Fomula ya kuzifufua haipo. Na ukisevu juu ya faili ile ile, sasa hata Notepad itakuonyesha uharibifu. Kubadili jina kutoka .csv kuwa .xlsx ndiyo kabisa: Excel itakataa kuifungua.

Tatizo hili si la wahasibu wa Kariakoo peke yao. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadili majina kadhaa, SEPT1 ikawa SEPTIN1, maana Excel ilikuwa ikiigeuza tarehe ya Septemba.

Fanya hivi. Fungua Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, na kwenye Data Type Detection chagua Do not detect data types, kisha Load. LibreOffice inakuuliza yenyewe aina ya kila kolamu. Google Sheets, pitia Import, uondoe tiki ya kugeuza maandishi kuwa namba. Mwenye kuunda mfumo atoe xlsx halisi, kolamu za simu na vitambulisho ziwe maandishi. Aliyekwisha kusevu, akapakue upya.