Mezani pa Wazee Wetu
Wengi hudhani kuwa mzee asiyelima tena hutosheka na bukari na mchuzi mtupu. Sivyo! Uzeeni misuli hupungua. Basi vyakula vya kujenga mwili vyahitajiwa kuliko ujanani. Mwaka 2013 mabingwa wa uganga wa wazee walishauri kwamba mzee wa kilo 50, mwenye mafigo mazima, apate gramu 50 hadi 60 za protini kila siku.

Sisi wa Kapolowe tuna samaki wa ziwa Tshangalele. Basi tumtolee mzee miiba, tumtilie karanga zilizotwangwa katika sombe laini, ili ukosefu wa meno usimletee njaa. Tena tumpe maji hata asipoyaomba, maana kiu ya wazee ni hafifu. Heshima bila chakula ni maneno matupu.