Ndege wa Buluu wa Komarock si Kwelea

Wakazi wa Komarock wanaombwa kutowapiga manati wala kuwawekea sumu ndege wadogo wa buluu wanaookota mbegu kwenye nyasi za mtaani. Hawa si kwelea, wale waliovamia mashamba ya mpunga Kisumu mwaka wa 2023.

Kwelea ni wa kahawia na huruka kwa makundi makubwa. Ndege huyu, ambaye kitaalamu huitwa Uraeginthus bengalus, ana urefu wa sentimita 13 hivi, mgongo wa kahawia, na kifua na mkia wa buluu. Dume ana doa jekundu kwenye kila shavu, jike hana. Hutembea wawili wawili au kwa vikundi vidogo, wakila mbegu za nyasi na wadudu, wakiwemo mchwa.

Kiota chake ni cha nyasi, nacho hujengwa vichakani. Kabla ya kupogoa ua, kagua kwanza. Ukikuta mayai au makinda, subiri waruke.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kufuga ndege wa porini bila kibali. Wazazi, waelezeni watoto.