Suti ya kushonesha Bariadi: mabega kwanza
MKOA wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba nchini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, na mwanamume anayeshonesha suti mara nyingi hununua kitambaa kilichotoka mbali. Fundi akikosea, hasara ni mbili: kitambaa na ujira.

Kitambaa cha pamba kilowekwe kabla ya kukatwa, maana husinyaa kikifuliwa. Wakati wa kujaribisha, mabega yatazamwe kwanza. Kiuno hupunguzwa kirahisi. Bega lililopwaya hulazimu koti kufumuliwa.

Mwenye fedha kidogo aanze na kaunda suti, iliyopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda. Haidai tai, na suruali yake huvaliwa pia na shati jeupe.