Vali Mpya ya Moyo na Safari ya Kurudi Jorodom

Jorodom iko chini ya Mlima Hanang, jirani na mji wa Katesh, na baadhi ya watu wanaopanda mlima huo huanzia njia yao hapo. Kutoka Jorodom hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Mtu anaweza kudhani kwamba umbali huo ni shauri la nauli tu. Kwa mgonjwa wa vali ya moyo sivyo ulivyo: umbali wa nyumbani kwake huingia hata katika uamuzi wa aina ya vali atakayowekewa.

Moyo una vali nne, na kazi yao ni kuruhusu damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kila vali hufunguka na kufungika mara 100,000 hivi kwa siku, yaani zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Ile iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto, iitwayo bikaspidi au mitrali, ndiyo inayoharibika zaidi kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mara nyingi chanzo cha madhara hayo si moyo wenyewe bali ni koo. Mtoto, hasa mwenye umri wa miaka 5 hadi 15, huambukizwa kooni na bakteria waitwao streptokoki wa kundi A. Mwili hutengeneza askari wa kupambana nao, lakini kwa baadhi ya watoto askari hao hushindwa kumtambua adui na kushambulia tishu za mwili wenyewe. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona huja homa ya baridi yabisi: leo goti limevimba, keshokutwa kiwiko. Uvimbe huo hupoa bila kuacha alama. Moyoni, alama hubaki.

Shambulio likirudiwa, majani ya vali huwa manene na kingo zake hushikamana. Tundu la vali ya mitrali ya mtu mzima lina eneo la sentimita mraba 4 hadi 6. Likipungua kufikia 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Damu isiyopata njia hurundikana nyuma, shinikizo hupanda katika mishipa ya mapafu, na mgonjwa huhema kwa shida, hasa alalapo chali. Wanawake wengi hugunduliwa wakati wa ujauzito, kwa kuwa wakati huo damu mwilini huongezeka kwa kiasi kinachokaribia nusu, na tundu jembamba haliwezi kuipitisha yote.

Vali iliyoshikamana tu, bila kukakamaa sana wala kuvuja, inaweza kupanuliwa bila kupasua kifua. Mrija mwembamba huingizwa katika mshipa wa kinena na kusukumwa hadi moyoni, kisha puto dogo lililo kwenye ncha yake hujazwa maji na kuachanisha majani ya vali. Njia hiyo ilibuniwa na Kanji Inoue wa Japani, naye aliitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1982.

Vali iliyoharibika zaidi huhitaji kisu. Mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno, na damu ya mgonjwa huelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. John Gibbon alifaulu kuitumia mashine ya namna hiyo kwa binadamu mwaka 1953, huko Philadelphia. Moyo husimamishwa kwa maji baridi yenye chumvi ya potasiamu, nao hulala kimya wakati mpasuaji akishona. Mwaka 1960 Albert Starr, daktari, na Lowell Edwards, mhandisi, walipata vali iliyofanya kazi barani Marekani: kijitufe ndani ya kikapu cha chuma. Nchini Tanzania upasuaji wa moyo uliofunguliwa ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015 katika eneo lilelile la Muhimbili.

Vali za leo ni za namna mbili, na hapa ndipo Jorodom inaporudi katika habari hii. Ya kwanza hutengenezwa kwa kaboni ngumu, nayo huweza kudumu maisha yote ya mgonjwa. Ya pili hutokana na mnyama: vali ya nguruwe, au utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. (Katika nchi ya wafugaji kama Hanang, hii ya ng'ombe haitamshangaza mtu.) Vali ya mnyama hupokewa vizuri na damu, lakini huchakaa, na ajabu ni kwamba huchakaa upesi zaidi kwa kijana kuliko kwa mzee. Binti wa miaka 18 akiwekewa vali hiyo, hapana budi atarajie kupasuliwa tena.

Vali ya kaboni nayo ina sharti lake. Damu ikigusa kitu kigeni huelekea kuganda, na bonge dogo laweza kuziba vali au kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa humeza dawa ya warifarini kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Dawa hiyo ikizidi, damu huvuja, ikipungua, huganda. Kipimo cha kuganda kwa damu, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa huonyesha 1 hivi, kwa mwenye vali ya kaboni ya mitrali hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Hakuna ajuaye namba hiyo kwa kumtazama mgonjwa usoni. Ni lazima damu ipimwe, tena mara kwa mara. Kwa mwanamke kuna shida nyingine, kwani warifarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Warifarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na vitamini K imejaa katika mboga za majani. Masika, mchicha, mnavu na majani ya maboga yanapokuwa tele, kidonge kilekile huweza kuwa dhaifu. Kiangazi, mboga zikiadimika, huweza kuwa kikali mno. Mgonjwa hakatazwi mboga. Hutakiwa ale kwa kiasi kisichobadilika, jambo rahisi kuandikwa na gumu kutendwa na mkulima. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, yakaua makumi ya watu na kuziba barabara. Katika siku za namna hiyo, dawa isiyoruhusu kukosekana huonyesha uzito wake. Ndiyo maana wapasuaji wengi hupendelea, kila inapowezekana, kuikarabati vali ya mgonjwa mwenyewe kuliko kuibadilisha.

Ugonjwa wa ateri za koronari, zinazoulisha msuli wa moyo, ni hadithi tofauti. Huo huwapata zaidi watu wazima wenye shinikizo la damu, kisukari, au wavutao tumbaku. René Favaloro, Mwajentina aliyefanya kazi Cleveland, mwaka 1967 alitumia mshipa wa mguu kuivusha damu ng'ambo ya mahali palipoziba. Andreas Grüntzig alifungua ateri ya namna hiyo kwa puto huko Zürich mwaka 1977. Matibabu ya njia zote mbili hupatikana leo Dar es Salaam.

Kwa ugonjwa wa vali, habari kubwa ya miaka ya karibuni haikutoka katika chumba cha upasuaji. Ilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 walipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, na zaidi ya 800 kati ya waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa wakaingizwa katika utafiti. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini ya kudumu kila baada ya wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa. Matokeo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2022. Penisilini hiyo ni dawa ya zamani, nayo haihitaji mashine ya moyo wala safari ya Dar es Salaam: huchomwa msulini na mhudumu wa afya aliyefunzwa.